Emmanuel Okwi na safari tunazozisoma vibaya

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, na mshambuliaji mwingine wa Uganda akatajwa kwamba anavuka mpaka wa Mutukula kwenda klabu za Tanzania, Simba, Yanga, Azam au Singida, onyo lile lile husikika hapa Kampala, asubuhi redioni na jioni kwenye vibanda vya mpira: asije akawa Okwi mwingine. Anayelitoa hana haja ya kufafanua. Msikilizaji anajua kwamba anazungumziwa Emmanuel Okwi, mshambuliaji wa Uganda, kijana mwenye kipaji kikubwa aliyehama timu moja hadi nyingine, akarudi alikotoka, akaondoka tena, na Ulaya hakuiweza kama tulivyotamani. Tangu fainali za CHAN za Agosti 2025, Cranes, timu yetu ya taifa, walipotolewa na Senegal robo fainali kwa bao 1-0 pale uwanja wa Namboole, onyo hilo limepata nguvu mpya. Yale yalikuwa mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, na waliong'ara walianza kutajwa sokoni kabla hata kombe halijakabidhiwa.

Mimi nashikilia kwamba onyo hilo limesimama juu ya hesabu mbovu. Ukiifuata kazi ya Emmanuel Okwi mwaka kwa mwaka, badala ya kuhesabu jezi alizovaa, utakuta kwamba sehemu kubwa ya kuhama kwake ilizaliwa na namna soka la bara letu linavyolipa wachezaji, au linavyoshindwa kuwalipa. Utakuta pia kwamba palipokuwa na mshahara, nafasi uwanjani na wenzake wanaomjua, alifunga, akabaki na akatwaa mataji. Hili lina uzito leo kuliko zamani, kwa sababu kijana anayeambiwa kwamba tatizo ni tabia ya Okwi hataangalia mkataba. Ataahidi kuvumilia, na uvumilivu haujawahi kumlipia mtu mshahara wa miezi mitatu.

Tuanze na mlolongo wenyewe. Okwi alizaliwa Desemba 1992, akaibukia SC Villa, na mwaka 2010, kabla hajatimiza miaka 18, Simba ya Dar es Salaam ikamchukua. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilipoifunga Yanga 5-0, mabao mawili yalikuwa ya kwake, na msimu huo Simba, Wekundu wa Msimbazi, wakawa mabingwa. Januari 2013 aliuzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa ada iliyotajwa kuwa dola 300,000 za Marekani, fedha nyingi mno kwa soko la Afrika Mashariki la wakati ule. Mwaka huo huo akarudi Villa, Desemba akasaini Yanga, Agosti 2014 akarudi Simba. Julai 2015 alikwenda SønderjyskE ya Denmark. Mwanzoni mwa 2017 alikuwa tena Villa, na katikati ya mwaka huo tena Simba. Mwaka 2019 akaenda Al Ittihad ya Alexandria nchini Misri, mwaka 2021 Kiyovu ya Rwanda, kisha Al-Zawraa ya Iraq. Ukisoma orodha hiyo kwa pumzi moja, unaelewa kwa nini watu wanatikisa kichwa.

Lakini hebu tuisome taratibu pale penye msongamano. Kati ya Januari 2013 na Agosti 2014 Okwi alihama mara nne, na mara zote nne zimefungwa kwenye fundo moja, yaani mkataba wa Tunisia. Miezi michache baada ya kufika Sousse, mji wa Étoile, mambo yaliharibika. Mchezaji alisema halipwi mishahara yake. Klabu ikasema alikwenda kuitumikia timu ya taifa na hakurudi. Simba, iliyomuuza, ilikuwa bado inaidai klabu hiyo fedha za mauzo, ikalazimika kuzifuata FIFA. Katikati ya mvutano huo alikuwapo kijana wa miaka 20 ambaye hawezi kucheza popote, kwa sababu hati yake ya uhamisho imeshikwa na mgogoro usio na tarehe ya mwisho. FIFA ilimruhusu kwa muda kuichezea Villa ili kipaji chake kisioze wakati kesi inaendelea. Ruhusa hiyo ndiyo iliyozaa usajili wa Yanga, usajili wa Yanga ukazaa maswali ya uhalali wake, maswali yakafuatwa na mvutano mpya juu ya malipo ya mkataba, na mvutano huo ukamrudisha Msimbazi. Toa fundo la Tunisia, na wasifu wa Okwi katika miaka yake bora unabaki Villa, Simba, Denmark, Villa, Simba, Misri. Hiyo ni safari ya kawaida kabisa kwa mshambuliaji yeyote wa kulipwa.

Wala jambo hili halikuwa la Okwi peke yake. Chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, FIFPRO, kilipowahoji wachezaji karibu 14,000 kutoka nchi 54 na kutoa ripoti yake mwaka 2016, asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mshahara ndani ya misimu miwili iliyotangulia. Fikiria maana yake kwa mshambuliaji. Beki au kiungo mkabaji anaweza kuthaminiwa kwa miaka mingi bila kelele, lakini bei ya mshambuliaji hupanda na kushuka kwa mabao ya miezi michache. Akikaa nje miezi sita kusubiri shauri liamuliwe, anaporudi sokoni anakuta bei yake imeporomoka na jina lake limeanza kusahaulika. Kwa hiyo anachukua timu ya kwanza inayomfungulia mlango, hata kama mkataba wake ni mfupi na masharti yake ni hafifu, na mkataba mfupi humleta sokoni tena mwaka unaofuata. Tunaoangalia kutoka mbali tunaona mtu asiyetulia.

Hata waliomtangulia walipita njia inayofanana na hii, ila tumewasamehe. Philip Omondi, aliyemaliza fainali za Afrika za 1978 akiwa miongoni mwa wafungaji bora kwa mabao matatu na kutufikisha fainali dhidi ya Ghana, aliondoka KCC kwenda Sharjah huko Falme za Kiarabu, na hakuna anayemtaja kwa ubaya kwa hilo. Majid Musisi aliondoka Villa baada ya timu ile kufika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1991, akacheza Rennes ya Ufaransa, kisha Bursaspor ya Uturuki, ambako ushangiliaji wake wa kutambaa kama mamba ulibaki kuwa alama ya mashabiki wa klabu ile. Baadaye alikwenda Dardanelspor, na hata Vietnam alicheza. Musisi tunamwita mfungua njia. Ukweli ni kwamba orodha yake ya klabu haina utulivu mwingi kuliko ya Okwi. Kilichotofautiana ni kwamba alianzia Ufaransa, nasi tumezoea kuipima kazi ya mchezaji kwa ramani ya bara alilokanyaga.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana wana hoja, na moja kati ya hoja zao ni nzito. Wanasema: Denmark ilimlipa. Hapakuwa na kesi, hapakuwa na hati iliyoshikwa, mkataba ulitangazwa kuwa wa miaka mitano, na bado Okwi alirudi nyumbani baada ya muda usiozidi miaka miwili akiwa amecheza mechi chache mno. Hili silipingi. Haderslev, mji wa SønderjyskE, ni ushahidi kwamba mshahara peke yake hautoshi. Ninachoongeza ni mazingira. Msimu wake wa kwanza pale, 2015/16, SønderjyskE ilimaliza nafasi ya pili, nafasi ya juu kabisa katika historia yake kufikia wakati ule. Aliingia katika kikosi kilichokuwa kimepata mwendo ambao kocha hakuwa na sababu ya kuuvuruga, akitokea ligi ambayo klabu za kule hazina namna nzuri ya kuipima. Mshambuliaji wa namna ya Okwi, anayependa kupokea mpira pembeni na kumkabili beki, anahitaji timu inayokubali kumpa mpira hata baada ya kuupoteza mara mbili. Simba ilikuwa timu hiyo. Klabu ya Denmark iliyokuwa ikipigania nafasi za juu isingekuwa hivyo. Alikosea kwenda? Sidhani. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, kabla hajasaini, kwamba anakwenda mahali ambapo nafasi yake tayari ina mwenyewe.

Hoja ya pili inasema Okwi naye ni mtu mzima, na si sawa kumwondolea lawama zote. Kuchelewa kurudi klabuni baada ya mechi za taifa, kuhamia kwa watani wa jadi na kisha kuwarudia wale wa kwanza, hayo yana mkono wa mchezaji ndani yake. Nakubali kwamba mengine yalikuwa maamuzi yake. Mtu aliyeamua kutoka Simba kwenda Yanga na kurudi Simba anajua joto la Kariakoo, mtaa wa watani hao wawili, na mashabiki wa pande zote mbili walikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo, uamuzi wa mtu anayedai mishahara yake hauwezi kupimwa sawasawa na wa mtu aliyelipwa hadi senti ya mwisho. Na tusisahau kwamba mvutano wa malipo ulikuwapo hata kwenye timu yetu wenyewe. Mwaka 2019 kwenye fainali za Afrika huko Misri, siku chache kabla ya mechi ya 16 bora dhidi ya Senegal, wachezaji wa Cranes waligomea mazoezi kwa sababu ya posho. FUFA, shirikisho letu la soka, ilisema imelipa kilichokubaliwa. Wachezaji waliona vingine. Okwi alikuwa katika kikosi kile, akiwa amefunga dhidi ya DR Congo na dhidi ya Zimbabwe kwenye hatua ya makundi. Haikuwa mara yake ya kwanza kukuta kwamba kufunga bao ni kazi moja na kulipwa ni kazi nyingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi. Inasema: mtazameni kipa wetu Denis Onyango, aliyetulia Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2016 na tuzo ya mchezaji bora anayecheza barani, utulivu ndio uliompa yote. Nampenda na kumheshimu Onyango, ila mfano huu haubebi mzigo anaotwishwa. Kwanza, kabla ya kufika Sundowns mwaka 2011 Onyango mwenyewe alikuwa amepita Villa, St George ya Ethiopia, SuperSport United na Mpumalanga Black Aces, na hata akiwa wa Sundowns alitolewa kwa mkopo. Kama tungemhukumu kabla hajapata nafasi ya kudumu, tungemwita mtu asiyetulia. Pili, alitulia kwenye klabu ya Patrice Motsepe, mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika, ambako mwisho wa mwezi hauna mashaka. Tatu, ni kipa, na kipa akishapata namba anaweza kuilinda miaka kumi. Onyango alikaa kwa sababu alipata mahali pa kukaa. Tukigeuza mpangilio huo, tukasema alipata kwa sababu alikaa, tunawapa vijana ushauri wa hatari: kwamba wabaki popote walipo, hata pasipolipa.

Tazama pia jinsi tunavyompokea Uche Ikpeazu. Alizaliwa London, ana damu ya Uganda, na kabla ya kuvaa jezi ya Cranes alikuwa amepita Cambridge United, Hearts, Wycombe na Middlesbrough, mbali ya timu kadhaa za mkopo. Baadaye Konyaspor ya Uturuki na Port Vale. Ni klabu nyingi kwa hesabu yoyote. Hakuna aliyesimama redioni kusema hana nidhamu. Wote walisema ana uzoefu, na walisema kweli. Kuhama ndani ya mfumo unaolipa tunakuita uzoefu, na kuhama ndani ya mfumo usiolipa tunakuita utovu wa nidhamu, kana kwamba mchezaji ndiye aliyeuunda mfumo huo.

Kuna wanaoliona soko la Tanzania lenyewe kuwa ni kushuka. Hawa wanaikumbuka Dar es Salaam ya mwaka 2010. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la Tanzania mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za huko. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilo hilo 2025, Steven Mukwala wetu akiwa kwenye kikosi chake. Mshambuliaji wa Uganda anayecheza pale anakutana na klabu za Morocco, Misri, Algeria na Afrika Kusini, tena mbele ya uwanja uliojaa. Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda aliyeichezea Rwanda, alipita Tunisia na Albania kabla ya kukaa Gor Mahia ya Kenya na baadaye Simba. Akiwa na miaka zaidi ya thelathini akawa mfungaji bora wa Tanzania mara mbili mfululizo, kwa mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata. Naye Okwi, msimu wa 2017/18, alimaliza na mabao 20, mfungaji bora, Simba ikatwaa ubingwa ambao haikuwa imeugusa tangu ule wa 2012 aliokuwamo yeye mwenyewe. Na kumbuka ile jioni ya Agosti 31, 2017. Alikuwa amerudi Simba wiki chache tu zilizopita, na bao lake pekee Namboole likaiangusha Misri ya Mohamed Salah, iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka uliofuata. Kama huko ndiko kushuka, basi Cranes walinufaika sana nako.

Hasara ya kweli iko mahali ambapo hatuzungumzi kabisa, kwenye vitabu vya hesabu vya klabu zetu. Kanuni za FIFA zinataka asilimia tano ya ada ya kila uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka yake 12 hadi wa miaka 23: robo asilimia ya ada kwa kila msimu hadi miaka 15, na nusu asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Kwa ada ya dola 300,000, msimu mmoja wa kumlea kijana wa miaka 17 una thamani ya dola 1,500. Si utajiri, lakini ni mipira, ni nauli za msimu, ni mshahara wa kocha wa vijana. Sasa angalia kinachotokea mkataba unapovunjika kwa sababu ya mishahara. Mchezaji anaondoka akiwa huru. Hakuna ada. Asilimia tano ya sifuri ni sifuri, kwa klabu iliyomlea na kwa klabu iliyotarajia kumuuza. Kwa hiyo kila klabu ya nje isiyolipa inamnyang'anya mchezaji na, kwa mkupuo huo huo, inaunyang'anya mtaa aliotoka. Na sisi tunaongeza hasara kwa mikono yetu. Vipaji vyetu vingi hulelewa mashuleni, kwenye mashindano ya sekondari, na shule isiyokuwa na klabu iliyosajiliwa haimo katika mgao huo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kukusanya na kugawa fedha hizi kwa kufuata rekodi za usajili za kielektroniki. Kijana ambaye miaka yake ya 14, 15 na 16 haikuandikwa popote anaanza maisha ya soka akiwa amekwisha kuwapotezea walimu wake haki yao.

Kanuni zenyewe zimebadilika tangu siku za Sousse, na hapa ndipo mazungumzo yetu yanapotakiwa kuhamia. Mwaka 2018 FIFA iliandika waziwazi kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na isipolipa, akavunja mkataba kwa sababu halali. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Lassana Diarra, kiungo wa zamani wa Ufaransa, ilikosoa kanuni zilizokuwa zikimfunga mchezaji aliyevunja mkataba, na FIFA ikarekebisha taratibu zake: shirikisho la zamani lina saa 72 kutoa hati ya uhamisho, na mgogoro wa fedha si sababu tena ya kuishikilia. Wapo wanaosema sasa wachezaji watakimbia ovyo. Mimi naona kwamba kijana wa miaka 20 aliyekwama kama Okwi wa 2013 leo angekuwa uwanjani ndani ya wiki, na shauri la fedha lingeendelea bila kuushika mwili wake.

Haki hiyo hata hivyo humfaa anayejua kwamba ipo na mwenye karatasi za kuithibitisha. Notisi ya siku 15 inahitaji kuandikwa, kutumwa na kutunzwa. Mkataba wa Kiarabu au Kifaransa unahitaji kusomwa kwa lugha anayoielewa mchezaji kabla ya kalamu kushuka. Na klabu ya Uganda inayomuuza kijana leo inahitaji kuandika kwamba itapata sehemu ya mauzo yajayo, maana thamani kubwa ya mshambuliaji wetu kwa kawaida huonekana baada ya klabu yake ya pili. Fainali za Afrika za 2027 zinakuja Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na mawakala watajaa hapa kuliko tulivyowahi kuona. FUFA ina muda wa kutosha kabla ya hapo kuweka dawati moja lenye mwanasheria, ambapo mchezaji yeyote anayekwenda nje ataleta mkataba wake usomwe bure, na ambapo klabu ya Soroti au Arua itasaidiwa kujaza rekodi za vijana wake tangu wakiwa na miaka 12.